“Up” si “juu”: niliyojifunza kiwandani na mapokezi hapa Mwanza

Kiingereza changu nimefundishwa na katoni. Nilikuwa karani wa upakiaji kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nina miezi mitatu kazini, na msimamizi wangu amesafiri. Asubuhi ikaingia barua pepe ya mteja wa Ulaya, mstari mmoja tu: “Please use up the old cartons first.” Nikaisoma mara mbili. “Use” naijua, ni tumia. “Up” naijua tangu shule ya msingi, ni juu. “Old cartons” ni katoni za zamani, zile zenye nembo ya mwaka uliopita. Nikaenda chumba cha baridi nikawaambia vijana: mteja anataka za zamani zikae juu. Tukapanga paleti moja baada ya nyingine, katoni mpya chini, za zamani juu, kwa unadhifu ambao hata leo naukumbuka. Nikapiga na picha nikamtumia.

Akapiga simu. Kumbe alikuwa anasema tumalize kwanza katoni za zamani, zikiisha ndipo tufungue mpya. Kitu ambacho hakukitaka kabisa ni aina mbili kuchanganyika kwenye paleti moja, na ndicho hasa nilichokuwa nimempigia picha. Usiku ule tulipanga upya mzigo wote, vidole vimekufa ganzi, na mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia, kila akinyanyua katoni ananigeukia: “Na hii nayo, karani, iende juu?”

Siku nyingi nimeondoka kiwandani. Sasa niko hotelini, mapokezi, na kila baada ya miezi michache naletewa vijana wapya niwaelekeze: wa kaunta, madereva, na wanaowatembeza wageni ziwani. Wengi Kiingereza chenu ni kizuri kuliko changu cha enzi zile. Lakini mnakwama palepale nilipokwama mimi, kwenye kaneno ka herufi mbili. Nimechoka kueleza kwa vipande wakati simu inalia na mgeni amesimama mbele yangu, kwa hiyo nimekaa niandike.

Kwanza niwatoe hofu. Neno hili mnalo tayari, mmelibeba ndani ya maneno ya kila siku bila kujua. Pikapu ni gari la kuchukulia mizigo. Mekapu mnaijua, wengine mnaipaka nusu saa kabla ya zamu. Bakapu ni nakala ya akiba ya mafaili. Pushapu mlizipiga shuleni. Na watsapu mnayoshinda nayo chini ya kaunta mkidhani sioni, jina lake limetokana na salamu, “What's up?”, ambayo waanzilishi wake waliichezea mwaka 2009 wakapata jina la programu. Mgeni akikusalimu hivyo usiangalie dari. Ni “mambo vipi?” tu, nawe unamjibu “Not much” kama vile ungesema poa.

Sasa angalieni hayo maneno matano. “Juu” iko wapi? Kwenye pushapu ipo kidogo, mwili unapanda. Kwenye mekapu haipo. Kwenye bakapu haipo. Hapo ndipo pa kuanzia.

Maana ya juu kwa juu sitaikalia. Ukienda Bugando unapanda kilima, kwa hiyo unakwenda “up to Bugando”, na atakayekuja Mwanza akashindwa kuelewa mlima ni mlima, basi miguu yake itamwelewesha jioni. Kuamka, kuinuka, kusimama, vyote Mwingereza anaviwekea “up”: “wake up, get up, stand up”. Kiswahili kimeshaumeza huo mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe, ndiyo maana hatusemi “inuka juu” isipokuwa tunatania. Tahadhari moja tu hapa: sisi tunapanda daladala, tunapanda meli, tunapanda ndege. Mwambie mgeni “climb up the daladala” naye atakuona umemtuma kwenye keria akakae na matenga. Kupanda chombo ni “get on”.

Ila kuna jambo moja la mwelekeo linalonifurahisha na naliingiza hata kama si la kazi. Watu hudhani “up” ni kaskazini kwa sababu ramani inayotundikwa ukutani ina kaskazini juu. Mara nyingine ndivyo ilivyo: kutoka hapa mgeni atasema anakwenda “up to Kampala”, na kweli Kampala iko kaskazini kwetu. Lakini mto hauijui ramani. White Nile unatoka kwenye ziwa letu hili kule Jinja, unateremka kwenda kaskazini mpaka baharini. Kwa hiyo sehemu ya Misri iliyo kusini ndiyo inayoitwa Misri ya Juu, na iliyo kaskazini, karibu na bahari, ndiyo Misri ya Chini. Mtu anayetoka Cairo kuja upande wetu anakwenda “up the Nile”, ingawa kwenye ramani kidole chake kinashuka. Speke, yule Mwingereza aliyeliona ziwa hili mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, hakuja kwa njia hiyo. Alitembea kutoka upande wa Tabora, akatokea kusini, karibu na hapa tulipo.

Waingereza nao kwenye reli zao wana desturi yao: treni inayoelekea London ndiyo “up”, hata kama inatoka Scotland na inateremka ramani nzima. Maana yake “up” ni kule wanakopaona ndiko kwenye uzito. Sisi huku tunaitwa watu wa “upcountry” na walioko Dar es Salaam, yaani watu wa bara, wa mikoani. Sina ugomvi nao, maana ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo safari hii hawajadanganya. Na msishangae neno la mwelekeo kugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Kwa Kisukuma “sukuma” ni kaskazini na “dakama” ni kusini; leo ukisema Msukuma nani anafikiria dira?

Turudi kazini. Maana inayowatesa watu ni ile ya katoni zangu, na hiyo nitaikalia.

Nendeni Mwaloni, Kirumba, mkasimame mbele ya mama anayeuza dagaa. Anachukua sado, anaanza kumimina. Dagaa wanapanda kwenye kopo, wanapanda, wanafika mdomoni. Kama ana moyo mzuri anakuwekea na kilima, kama hana anakipangusa kwa kiganja. Halafu anasimamisha mkono, kwa sababu kazi imekwisha. Kimepanda, na kwa kuwa kimepanda hadi mwisho, kimekwisha. Mwingereza anakiita hicho “fill up”, na neno hilo limesimama mguu mmoja huku, mmoja kule: bado lina kupanda ndani yake, na tayari lina kumalizika. Ukilivuka daraja hilo, kupanda kunapotea, kunabaki kumalizika peke yake. “Eat up” ni kula ukamaliza sahani. “Drink up” ni maliza kilichomo kwenye glasi, ndiyo anavyosema mwenye baa anayetaka kufunga. “Use up” ni kutumia mpaka kwisha, mniulize mimi. “Clean up” ni kusafisha pakasafishika. “Dry up” ni kukauka, na hapa mtaona jinsi juu ilivyokufa kabisa: kijito kinapokauka maji yanashuka chini, kila mtu anaona yanashuka, na Mwingereza bado anasema “up”. Hasemi maji yameenda wapi, anasema yamefika mwisho.

Kwa hiyo ukikutana na “up” usijiulize kitu kimeelekea wapi. Jiulize kitendo kimefika wapi.

Sasa Kiswahili kinasemaje jambo hilohilo? Hapa ndipo nilipoteza miaka, kwa sababu nilikuwa natafuta neno moja la kuweka mahali pa “up”, na sisi hatuna neno moja. Tunaifanya kazi hiyo kwenye mkia wa kitenzi, au kwa kukirudia. Mpishi akikwambia kata vitunguu ni kitu kimoja, akikwambia katakata ni kingine. Katakata ndiyo “cut up”. Chana karatasi inaweza kuwa mara moja tu. Chanachana, isibaki kitu, ndiyo “tear up”. Vunjavunja ni “break up”, kama unavyofanya bonge la barafu la kuwekea samaki. Maliza na malizia: hiyo ya pili, yenye kipande kidogo kilichobaki, ndiyo “finish up”. Kufunga mzigo na kufungasha: anayefungasha hana anachokiacha, na hiyo ndiyo “pack up”. Pengine tunaongeza “kabisa” au “-ote” na mambo yanaisha. Nawaambia vijana, mkiacha kutafuta “juu” mkaanza kutafuta katakata, malizia na kabisa, nusu ya hivi vitenzi vitafunguka vyenyewe.

Kuna binti alianza kazi kwetu, mwerevu, mwandiko wake mzuri. Zamu ya usiku. Mgeni wa chumba namba 9, mzee mmoja mpole, akapita kaunta kabla ya kulala akamwambia, “I'll settle up in the morning.” Binti akaitikia kwa adabu zote, akaandika kwenye daftari la zamu: “Mgeni wa 9 anataka kuhamia ghorofa ya juu asubuhi.” “Settle” alikuwa anaijua, ni kutulia, kufanya makazi, na “up”, basi, ghorofani. Saa 12 alfajiri zamu mpya ikaingia, ikasoma, ikatandika chumba cha ghorofa ya tatu, na mhudumu akagonga mlango wa mzee kwenda kumbebea mabegi. Mzee alikuwa anasema kwamba asubuhi atalipa deni lake lote, vinywaji na chakula, wamalizane. Bahati nzuri alicheka, ingawa alichekea kwenye ngazi za ghorofa ya pili.

Msiwe wagumu sana na kanuni hii lakini. Kiingereza kina visa vyake. Karatasi ikiungua ikaisha ni “burn up”, nyumba ikiungua ikaisha ni “burn down”, kwa kuwa nyumba huishia chini, inaanguka. Duka likifungwa moja kwa moja ni “close down”. Na fomu ya kujisajili ya wageni pale kaunta ni “fill in”. Huku kwetu watu wengi husema “fill up the form”, na mgeni ataelewa, ila “fill up” yenyewe ni ya tangi la mafuta. Hivyo vinajifunzwa kimoja kimoja, havina dawa.

“Wash up” naitaja peke yake kwa sababu imeshaleta maneno jikoni. Mwingereza akisema anakwenda “wash up” anakusudia vyombo. Mmarekani akisema hivyohivyo anakwenda kunawa mikono na uso kabla ya kula. Usimpe Mmarekani sifongo. Na ziwa nalo lina yake: upepo ukisukuma gugumaji yakajaa ufukweni, yale yamekuwa “washed up”, yametupwa na maji nchi kavu. Wanasema hivyo pia juu ya mchezaji au mwanamuziki aliyechuja.

Hilo la gugumaji linanipeleka kwenye kundi la pili, na hili watu wa ziwani mna faida nalo kuliko watu wa sehemu nyingine yoyote. Mnajua kuibuka. Kitu kilikuwa chini, hakionekani, ghafla kiko usoni pa maji. Kundi zima la “up” ni kuibuka huko. “Turn up” na “show up” ni kutokea, kufika: dereva hakutokea, “the driver didn't show up”, sentensi ambayo naomba msilazimike kuitumia mara nyingi. “Come up” ni kujitokeza. Mgeni akisema “Something has come up”, usimuulize kitu gani kimepanda; amepata dharura, na huwa hataki kuieleza, kwa hiyo muulize tu kama aahirishiwe safari. “Bring up” jambo ni kuliibua, neno lilelile tunalotumia kwenye vikao: kuibua hoja. “Dig up” ni kufukua. “Look up” neno kwenye kamusi ni kulitoa lilikozama. “End up” ni kuishia mahali ambapo hukupanga, kama wale wageni waliokuwa wanakwenda Bukoba wakajikuta wamelala Geita.

Kundi la kuongezeka halina taabu, lina kupanda kwa bei na sauti ndani yake: “speak up” ongeza sauti, “speed up” ongeza mwendo, “heat up” pasha moto. Na kundi la kusogea, “he came up to me”, alinijia, alinisogelea, pamoja na “up the road”, mbele kidogo barabarani hata kama barabara ni tambarare kama meza. Hapa Mwanza tabu yake ni kwamba kila upande kuna kilima na jiwe, kwa hiyo mgeni akisema duka liko “up the road” unaweza kumtuma mtu akapande bure.

Sasa nafasi ya neno kwenye sentensi, jambo ambalo vitabu huliandika kwa kanuni ndefu na mimi nitalisema kwa Kiswahili. Tunasema nitakuchukua. Hiyo “ku” imekaa wapi? Imeingia ndani ya kitenzi, katikati, hatusemi “nitachukua wewe” kama mtu aliyefika jana. Mwingereza naye anafanya vivyo hivyo: “I will pick you up.” Mtu anaingia katikati, kati ya “pick” na “up”. Ukisema “I will pick up you” umesema “nitachukua wewe”. Utaeleweka, na utaonekana. Mtu akitajwa kwa jina au kwa cheo, hapo una hiari: “pick up the guest” sawa, “pick the guest up” sawa. Akiwa “him, her, them, it”, lazima aingie ndani. Iweke kichwani hivyo, kwamba “him” ni ile “m” yetu ya “mchukue”, na hutakosea tena.

Madereva, nyie nina neno lenu. Huku kwetu tumezoea kusema “I will pick you at the airport”, bila “up”. Nimewasikia, nimelisema na mimi miaka. Lakini “pick” peke yake ni kuchagua, kama unavyochagua nyanya sokoni. Mgeni anayeteremka uwanja wa ndege hapendi kuchaguliwa, anataka kuchukuliwa. Vivyo hivyo “pick my call”: simu huwa ni “pick up”. Halafu, ajabu, pale pasipohitaji tunaiweka: “cope up with the work”. “Cope” haina “up”. Kama mnataka kuokoa zile mnazozimwaga hapo, zipelekeni kwa “pick”.

Kuna jozi moja ambayo huwa naiandika ubaoni kila darasa jipya, kwa sababu tofauti yake ni herufi moja: “ran up the hill” na “ran up the bill”. Wa kwanza amekimbia akapanda kilima. Wa pili amekula, amekunywa, ameagiza, deni limelundikana. Angalieni nini kinatokea tukibadilisha kilima na deni kuwa “it”. Kilima: “he ran up it”. Deni: “he ran it up”. Kwa kilima, “up” ni ya kilima, inaonyesha alipokimbilia, kwa hiyo inang'ang'ania mbele ya “it”. Kwa deni, “up” ni ya kitenzi, imeoana na “run” ikazaa maana mpya, kwa hiyo “it” inaingia katikati. Ukitaka kujua “up” yako ni ya mwelekeo au ni ya kitenzi, fanya jaribio hilo, halikosei sana. Na mdomoni pia inasikika: mtu akisema “I ran it UP”, sauti inakanyaga kwenye “up”. Ikigeuka kuwa jina la kitu, sauti inahamia mbele: PICKup, MAKEup, CHECKup.

Ziko chache za hatari, na hizi mzijue kabla hamjaingia zamu peke yenu.

“Throw up” ni kutapika. Tulikuwa na kijana anawapeleka wageni ziwani kwa boti, mchana ule wimbi likaamka kidogo, mama mmoja wa makamo akamshika bega: “I'm going to throw up.” Kijana akarudi hatua moja nyuma, akafungua viganja kama golikipa, akisubiri arushiwe. Hakurushiwa alichotegemea. “Bring up” nayo ina maana hiyohiyo pembeni, mbali na ile ya kuibua hoja na ile ya kulea mtoto, kwa hiyo mtu akisema “she was brought up in Ireland” hakutapikwa, alilelewa huko.

“Hold up” ina mikono juu ndani yake, ile ya kwenye filamu: uvamizi wa silaha. Lakini mara nyingi ni kucheleweshwa tu. Wageni wanaingia saa 3 usiku, wamechoka, wanasema “Sorry, we were held up at the ferry.” Foleni ya kivuko iliwachelewesha. Mwenzenu mmoja alikuwa ameshashika simu kumpigia mlinzi.

Na “knock up”. Mwingereza mzee akikuomba “knock me up at six”, anataka ugonge mlango saa 12 asubuhi aamke, ni lugha ya zamani kidogo. Kwa Mmarekani, maneno hayohayo ni kumpa mtu mimba. Binti wa mapokezi asijibu kitu zaidi ya “A wake-up call at six, sir?” na aandike.

Nyingine haichekeshi, inaleta hasara: “move up”. Mmarekani akiandika “Can we move the trip up to Tuesday?” na safari ilikuwa Alhamisi, anataka iwe mapema. Shida yetu inaongezeka kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Sisi tukisema tumesogeza kikao mbele, wengi wetu tunamaanisha kimechelewa, kimeahirishwa. Mwingereza akisema “bring forward”, ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni kusogeza mbele, anamaanisha kukiwahisha. Kitu kimoja, pande mbili tofauti. Kwa hiyo kwenye tarehe msitegemee “up” wala “forward” wala mbele. Mrudishieni mtu siku na tarehe: “So, Tuesday the 14th?” Na kwenye saa kumbukeni yake ni “six” wakati yetu ni 12, nimeona boti ikiondoka na wageni wako chai.

Mnaniuliza mjifunzeje. Kuna zile karatasi zinazozunguka kwenye simu, vitenzi mia vya “up” kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja na tafsiri ya neno moja. Sizikatazi, lakini sijaona mtu akipona kwa hizo. Unasoma “make up”, unakuta maana sita: kujipodoa, kupatana baada ya ugomvi, kutunga uongo, kufidia, kuunda sehemu ya kitu, na ile yetu ya hotelini, “make up my room”, ile ya kwenye kibao cha mlangoni, yaani ingia unitandikie. Kichwa kinaondoka na kipi? Hakiondoki na kitu. Mimi niliweka daftari, na kila niliposikia “up” ambayo sikuielewa niliandika sentensi nzima, nani kasema, alikuwa anafanya nini, na uso wake ulikuwaje. Jioni ndipo nikajiuliza: hii ni ya kumalizika, ya kuibuka, ya kuongezeka au ya kusogea? Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una katoni. Wa pili una chumba namba 9. Sijawahi kusahau hata moja kati ya hizo, wakati zile za kwenye karatasi nilizisahau kabla ya kufika kituo cha daladala.

Na muwe na ujasiri wa kuuliza. Mgeni hakasirikii swali, anakasirikia mabegi yake kukutwa ghorofa ya tatu. “You mean you will pay in the morning?” Maneno manane tu, na mzee wa watu angelala mpaka saa 2.

Sijasema “up to”, na nimeiacha nyuma makusudi. Kwenye boti “up to 12 passengers” ni abiria wasiozidi 12, na huyo wa 12 anapanda. “What are you up to?” ni unafanya nini, ila yenye kajicho ka kukushuku kidogo. “He is not up to the job”, kazi imemzidi. Halafu iko “It's up to you.”

Yule binti wa chumba namba 9, baada ya yale, alikuja kuwa mkali kuliko wote. Daftari lake lilijaa. Ikafika “juu” akawa haitaki hata kuisikia. Juzi akampigia mgeni chumbani kumuuliza boti ya kwenda Saanane iondoke saa 9 au saa 10, mgeni akamjibu “Oh, it's up to you”, akakata simu. Akabaki ameshika mkonga wa simu, ananitazama. Ameipitisha kwenye makundi yote manne, haiingii. “Imekwisha kwangu?” akaniuliza. “Imeniibukia?”

Nikamwambia hii ni ile moja ambayo Mwingereza na Mswahili walikutana bila kupangiana. Ni juu yako.

Akafikiri kidogo, akaandika saa 10, jua likiwa limepoa.